Makocha wetu wa Mwanza nao wavuke mpaka

Ndugu mhariri, habari za kazi. Naomba kanafasi kwenye ukurasa wa barua niongee kuhusu makocha, maana kila nikinunua gazeti lenu nakuta kocha mgeni katua Dar kapokelewa na mashabiki airport, sawa ni habari, ila stori kubwa ya kocha mgeni kuliko zote kwangu ilitokea huku kwetu Kirumba na sijaona mkiiandika inavyostahili.

Mnamkumbuka Etienne Ndayiragije? Mrundi yule, alikuja Mbao FC ya hapa Mwanza mwaka 2016 timu ndo kwanza imepanda Ligi Kuu, wachezaji hawajulikani, na wengi wetu hapa tukasema huyu hafiki Krismasi. Mwezi wa nne 2017 akawatoa Yanga nusu fainali ya Kombe la FA, 1-0, pale pale CCM Kirumba, mimi nilikuwa upande wa jua sauti imekauka kabisa, halafu Mei Yanga wakarudi mechi ya mwisho ya ligi wakapigwa tena 1-0, Mbao ikabaki Ligi Kuu msimu ambao ndugu zetu Toto Africans walishuka. Fainali Dodoma wakafungwa na Simba 2-1 dakika 120, ile penati ya mwisho kabisa, mpaka leo ukiitaja hapa mwaloni sokoni watu wanaacha kupima dagaa wanaanza kubishana.

Sasa angalia alikopita baada ya hapo. KMC, kisha Azam, 2019 akapewa Taifa Stars. Septemba mwaka huo huo kwenye kufuzu Kombe la Dunia tukakutana na nani, Burundi, nchi yake! Bujumbura 1-1, Dar 1-1, penati tukashinda 3-0. Hebu fikiria mtu amesimama kwenye benchi anaimbiwa wimbo wa taifa wa kwao na yuko upande wa pili, na kazi akaifanya. Mwezi uliofuata tukawafunga Sudan kwao 2-1 tukaenda CHAN, ile michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, mara ya kwanza toka ile ya 2009. Aliondoka 2021, na baadaye kwao wakamkabidhi Intamba, timu ya taifa ya Burundi. Yani timu mbili za taifa, na mlango alioingilia hapa Tanzania ulikuwa Mbao ya Mwanza, timu ambayo 2020 ilishuka na sahivi hata watoto hawaijui.

Na siyo yeye tu. Kocha Florent Ibenge katoka klabu ya AS Vita ya Kinshasa akaenda Morocco akachukua Kombe la Shirikisho Afrika na Berkane 2022, akapita Al Hilal ya Sudan, 2025 akaja Azam. Pitso Mosimane msauzi alienda Al Ahly ya Misri akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika mara mbili. Waafrika wanaajiriana, soko lipo. Wa kwetu wako wapi?

Mimi nafanya biashara ya dagaa, mzigo wangu unafika Bujumbura unafika mpaka Kongo, wateja nawajua kwa majina. Jioni na wikiendi nafundisha vijana Nyamagana, kwahiyo haya mambo nayajua pande zote. Miaka ya nyuma timu moja ya nchi jirani iliniita niende kama msaidizi, kwa simu tu, nikapanda basi, nikafundisha wiki tatu, mkataba naambiwa kesho, kibali cha kazi kesho, mwisho nikarudi kwa nauli ya kutumiwa na mke wangu. Iliniuma sana, mpaka leo. Nilikuwa sijui kitu, hakuna aliyenifundisha kwamba kocha anayeenda nje anatakiwa kuwa na mkataba wa maandishi kabla hajapanda gari. FIFA toka Januari 2021 wana kanuni za makocha, mkataba uandikwe, mshahara utajwe, na ukidhulumiwa unaweza kupeleka kesi kwao. Makocha wangapi wa Kanda ya Ziwa wanajua hilo? Mnajaza kurasa na tetesi za usajili, andikeni na hili.

Lingine ni leseni. Bila leseni A ya CAF, shirikisho la soka Afrika, hukai kama kocha mkuu kwenye mashindano ya klabu Afrika, huku wengi tumeishia D na C, zile za chini. Naomba TFF na MZFA, chama cha soka cha mkoa wetu, kozi za juu ziletwe Mwanza mara kwa mara, mtu wa Sengerema au Ukerewe akienda Dar kusoma ni nauli, ni chumba, ni kula, na kibanda chake cha biashara kimefungwa muda wote huo. Anayesomea kwao anarudi kulala kwake.

Nina msaidizi wangu ana miaka 24, ana leseni C, anaisoma mechi kuliko mimi, vijana wakipoteza mpira anajua tatizo lilianza pasi tatu nyuma. Sitaki abaki na mimi Nyamagana mpaka azeeke. Nataka aende Kigali, aende Kampala, aende Bujumbura huko dagaa wangu wanakofika, aanze hata na timu ya daraja la pili. Pasipoti ameshapata, mwezi jana, nilienda naye mwenyewe.

Mdau wa soka,
Kirumba, Mwanza