Safari ya Sumner Jumamosi

Habari za jioni ndugu zangu. Jumamosi tunaondoka hapa Memphis saa 1 kamili asubuhi, tukutane palepale kanisani. Anayehitaji lifti aseme mapema.

Tunakwenda Sumner, Mississippi, kwenye mahakama ambako mwaka 1955 wazee wa baraza 12, wanaume Wazungu watupu, waliwaachia huru waliomuua Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14. Walijadiliana saa moja na dakika chache tu. Chumba kile kimekarabatiwa kionekane kama siku ile.

Kisha tutashuka mtoni, Tallahatchie, ambako mwili wake ulikutwa. Naombeni msipite haraka pale kwenye kibao cha kumbukumbu. Vya mwanzo, kimoja kiliibwa, vingine vikatobolewa kwa risasi. Hiki cha 2019 kimetengenezwa risasi isipenye. Mimi hilo linanichoma kuliko hata hukumu, maana ni la juzi. Lakini mjue pia kwamba mwaka 2007 wakazi wa huko, weusi kwa weupe, walisimama mbele ya mahakama hiyohiyo wakaiomba radhi familia ya Emmett.

Watoto kuanzia miaka 12 waje. Mama Neema, chai na maandazi kama tulivyoongea. Wengine nithibitishieni kabla ya Alhamisi usiku.