Malalamiko kuhusu pikapu zenu za gitaa la stili: mvumo, mchoro wenye makosa na ushauri wa hatari

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: PIKAPU MBILI ZA KUZIMA MVUMO ZILIZOLETA MVUMO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mteja wenu niliyenunua pikapu mbili (vifaa vya sumaku na koili vinavyogeuza mtikisiko wa nyuzi kuwa umeme) za gitaa la stili la pedali (gitaa linalopigwa kwa kukaa, kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi na kukanyaga pedali), za nyuzi 10 kila moja, ambazo kwenye boksi mmeandika kwamba zinazima mvumo wa umeme. Hii ni wiki ya 6 tangu nifunge ya kwanza. Katika muda huo nimewaandikia mara 4, mmenijibu mara 3, na hakuna jibu hata moja lililogusa tatizo lenyewe. Tatizo nimelipata mwenyewe: mchoro wa rangi za nyaya mliouweka ndani ya boksi umekosewa. Nataka mkiri kosa hilo na kulirekebisha. Lakini linaloniuma zaidi ni kwamba katika kunizungusha huko, mmoja wa wafanyakazi wenu alinishauri jambo ambalo lingeweza kunitoa roho.

Naomba nieleze tangu mwanzo.

Gitaa langu lina shingo mbili, moja imetyuniwa E9 na nyingine C6, mitindo miwili ya kutyuni nyuzi. Pikapu za zamani zilikuwa za koili moja. Zilikuwa na mvumo kidogo, kama ilivyo kawaida ya koili moja, na hiyo ndiyo sababu pekee iliyonifanya nitafute humbaka, yaani pikapu ya koili mbili zinazofuta mvumo. Nilianza na shingo ya E9 na kuiacha ile ya C6 na pikapu yake ya zamani, ili nipate cha kulinganisha. Nilifuata mchoro wenu waya kwa waya: mwekundu kwenye swichi ya shingo, mweusi pamoja na ngao (waya wa kukinga kelele) kwenye erthi, mweupe na kijani zikalehemiwa pamoja na kufungwa tepu. Kazi ilinichukua asubuhi nzima, maana kwenye stili ya pedali huwezi kufikia nyaya bila kulipindua gitaa zima na kupenyeza pasi ya kulehemu katikati ya fito za pedali.

Nilipowasha amplifaya, mvumo ulitoka kabla sijagusa uzi.

Huenda mliosoma barua zangu hampigi stili, kwa hiyo nieleze kwa nini jambo hili si dogo. Mpiga gitaa la kawaida anaweza kuvumilia mvumo kidogo kwa sababu anapopiga, sauti ya nyuzi inaufunika. Sisi hatuna pa kujificha. Noti ya stili inashikiliwa kwa mguu: uzi unapoanza kufifia, pedali ya sauti inakanyagwa polepole ili noti ibaki palepale ilipokuwa. Kadiri uzi unavyokufa ndivyo mguu unavyofungua, na chochote kilichojificha nyuma ya noti kinapanda nayo. Kwa pikapu yenu, noti ndefu ya mwisho wa wimbo ilianza kama noti na kuishia kama transfoma. Nilikuwa nimekubali kurekodi nyimbo 3 na wenzangu wiki ile. Baada ya wimbo wa kwanza niliwaomba radhi, nikafunga gitaa na kuondoka.

Sikukimbilia kulaumu. Nilianza kwa kujichunguza mimi na kazi yangu. Kebo ilipochomolewa kwenye gitaa ikabaki kwenye amplifaya tu, kimya. Pedali ya sauti ilipofungwa, kimya. Kwa hiyo amplifaya ilikuwa nzima na mvumo ulitoka kwenye gitaa. Nilishika nyuzi kwa kiganja: mvumo haukupungua wala kuongezeka. Kama nyuzi zingekuwa hazina erthi, kuzigusa kungebadilisha sauti papo hapo. Hata hivyo nilipima kwa mita kutoka kwenye chuma kinachoshika nyuzi hadi kwenye jeki, nikapata ukinzani chini ya omu 1. Erthi ilikuwa sawa. Nilizima taa za tyubu, nikachomoa chaja zote, hakuna kilichobadilika.

Kisha nikabadilisha swichi kwenda shingo ya C6, yenye pikapu ya zamani. Mvumo ukashuka. Naomba msome sentensi hiyo mara mbili. Gitaa ni hilohilo, kebo ni hiyohiyo, amplifaya ni hiyohiyo, chumba ni hichohicho, na pikapu ya zamani ya koili moja ilikuwa kimya kuliko humbaka yenu mpya.

Jambo la mwisho nililofanya siku ile lilikuwa kulizungusha gitaa na kiti chake mbele ya amplifaya. Kwa uelekeo mmoja mvumo ulijaa chumba, na nilipogeuka kama robo ya duara ulikaribia kuisha. Mwenye uzoefu akisikia hivyo anajua kinachoingia ni uga wa sumaku kutoka kwenye transfoma, na kwamba kinaingia kwenye koili zenyewe. Haya yote niliwaandikia kwenye barua yangu ya kwanza, pamoja na vipimo.

Jibu lenu la kwanza lilisema nipake rangi ya ngao au nibandike karatasi ya shaba ndani ya shimo la pikapu. Niliwajibu kwamba karatasi ya shaba inazuia kelele za uga wa umeme, ule mchakacho mkali wa taa na swichi za kupunguza mwanga, lakini mvumo mzito wa hezi 50 unaokuja na uga wa sumaku unapita kwenye karatasi hiyo kana kwamba haipo. Lakini jibu hilohilo lilisema kwamba bila kufanya hivyo hamtaendelea kunihudumia. Basi nikafanya. Nikafungua tena kila kitu, nikabandika shaba, na kwa kuwa nafasi ni finyu, karatasi ikagusa ncha ya waya mwekundu na gitaa likakata sauti kabisa. Nikafungua mara ya tatu, nikaweka tepu, nikalehemu upya. Mvumo ulikuwa uleule. Ila safari hiyo joto la kulehemu mara kwa mara liliyeyusha ganda la waya wa kijani pale unapotoka kwenye pikapu, na ukabaki umeshikwa na nyuzinyuzi mbili tu.

Jibu la pili lilisema pikapu ni nzima kwa sababu nilipima kilo-omu 18.1 na vipimo vyenu vinasema 18. Hapa ndipo nilipoanza kushuku kwamba anayejibu haelewi anachouza. Ukinzani haujui uelekeo. Koili mbili za kilo-omu 9 zikiungwa mfululizo zitasoma 18 hata kama moja imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Kipimo hicho kinaonyesha tu kwamba waya haujakatika.

Jibu la tatu ndilo lililonifanya niandike barua hii kwa meneja badala ya dawati la huduma. Liliandikwa hivi, nanukuu neno kwa neno: “Mvumo huo ni wa erthi ya nyumba yako. Kata au ziba pini ya erthi kwenye plagi ya amplifaya, utaisha.”

Ndugu Meneja, naomba ufikirie mpiga stili anavyokaa. Mkono wa kushoto umeshika chuma kizito kinachoteleza juu ya nyuzi. Mkono wa kulia umevaa kucha za chuma vidoleni na uko juu ya nyuzi hizohizo. Magoti yanagusa levya za chuma, miguu iko kwenye pedali za chuma. Nyuzi zimeungwa na erthi ya jeki, jeki imeungwa na kasha la amplifaya. Siku insuleta ya transfoma ikichoka na umeme wa ukutani ukagusa kasha, pini ya erthi ndiyo inayoupeleka umeme huo ardhini na kukata fyuzi. Bila pini, fyuzi haikatiki, na umeme unakaa kwenye kasha ukimsubiri mtu. Kinachofuata ni mpigaji huyo kusogeza mdomo kwenye maikrofoni yenye erthi nzima ili aitikie kiitikio. Wapo wanamuziki waliokufa hivyo jukwaani. Mimi nilijua, kwa hiyo sikukata. Lakini ni wateja wangapi wamepewa jibu hilo, na wangapi kati yao ni vijana wanaoanza, ambao wakisoma maneno ya kampuni wanaamini?

Na hata kama ushauri huo usingekuwa wa hatari, ulikuwa umekosea. Mvumo wa erthi hauzimiki kwa kugeuza gitaa robo ya duara. Hilo nilikuwa nimeshawaeleza tangu barua ya kwanza.

Baada ya jibu hilo niliacha kuwasubiri. Niliazima mita ya zamani ya mshale, kwa sababu mshale unaonyesha uelekeo wa mruko mdogo ambao mita ya tarakimu huchelewa kuushika. Nikaiunga kwenye waya mwekundu na mweusi wa pikapu, nikaiweka kwenye kipimo cha ukinzani, nikachukua bisibisi ya chuma na kuigusisha ghafla juu ya koili ya kwanza. Mshale ukaruka kulia. Nikagusisha juu ya koili ya pili. Mshale ukaruka kushoto. Nilirudia mara 10, kwa sababu sikuamini. Kulia, kushoto. Kulia, kushoto.

Kwenye humbaka iliyofungwa sawasawa, miruko yote miwili ingekwenda upande mmoja. Kanuni yenyewe ni ya miaka mingi. Seth Lover wa Gibson, kampuni ya kutengeneza magitaa, aliiombea hataza mwaka 1955. Koili mbili zina sumaku zilizopinduliwa na zimeungwa kinyume, ili mawimbi ya nyuzi yajumlishwe na mvumo wa nje ujifute wenyewe. Ukigeuza ncha za koili moja, mambo yanapinduka: mvumo unajumlishwa, nyuzi zinafutana. Hapo ndipo nilipoelewa pia kwa nini sauti ya gitaa langu ilikuwa nyembamba, imebana puani, besi imekauka kama mtu anayeongea ndani ya debe. Nilidhani ni tabia ya pikapu mpya na kwamba masikio yangu yangezoea.

Mchoro wenu unasema mweupe ni mwisho wa koili ya kwanza na kijani ni mwisho wa koili ya pili. Kwa pikapu nilizonazo, kijani ni mwanzo. Niliunga mweupe na mweusi pamoja, nikapeleka kijani kwenye erthi. Nikawasha amplifaya, nikakanyaga pedali ya sauti mpaka chini, nikadhani sijachomeka kebo. Nikapiga uzi wa tatu na kuteleza juu kwa vituo viwili. Sauti ilikuwa nene, imejaa, na noti ilipokufa ilikufa kimya. Niliishikilia noti ile mpaka ikaisha kabisa, nikaipiga tena. Ndiyo sauti niliyoilipia wiki 5 nyuma.

Nikajaribu pikapu ya pili, ambayo ilikuwa bado kwenye boksi. Mita ikasema vilevile. Kwa hiyo hili si kosa la pikapu moja iliyopotoka kiwandani. Ama mchoro mzima umekosewa, ama toleo hili limetumia rangi tofauti na mchoro haukubadilishwa. Kila aliyenunua toleo hili na kufuata karatasi yenu ana mvumo, na pengine sasa hivi anabandika shaba au anatafuta koleo la kukatia pini.

Pikapu zenyewe ni nzuri, na nalisema hilo kwa haki. Zimesukwa vizuri na sasa nazipenda. Ndiyo maana inasikitisha kuona karatasi moja inaziharibia jina.

Nilipoomba kubadilishiwa ile yenye waya ulioyeyuka, mlinijibu, katika moja ya majibu hayo 3, kwamba dhamana imekufa kwa sababu “mteja amelehemu mwenyewe”. Pikapu hizi zinauzwa nyaya zikiwa uchi, pamoja na mchoro wa kulehemia. Hakuna njia nyingine ya kuzitumia. Waya uliungua kwa sababu ya kufungua na kufunga mara tatu, na moja kati ya hizo mliiagiza ninyi kwa maandishi.

Kwa hiyo naomba yafuatayo ndani ya siku 14 tangu kupokea barua hii. Mnibadilishie pikapu ya shingo ya E9, au muitengeneze kwa gharama yenu pamoja na usafirishaji. Mtoe mchoro sahihi na kuupeleka kwa kila mnunuzi wa toleo hili, kwa kuwa kumbukumbu za mauzo mnazo. Na kabla ya yote, mfute kwa maandishi ule ushauri wa kukata pini ya erthi, na muwatafute wote waliowahi kupewa. Hilo la mwisho hata siku 14 ni nyingi. Lifanyeni siku mtakayosoma barua hii.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, nakala ya majibu yenu yote 3, picha ya mchoro wenu, na mchoro niliousahihisha kwa mkono. Video fupi ya mshale wa mita ukiruka pande mbili ninayo pia, nitaituma mkiihitaji. Fundi wenu akitaka kuzungumza nami kuhusu vipimo, nipo tayari wakati wowote.

Wako mwaminifu,

Mteja wenu, mpiga gitaa la stili