Wazee wa Kagera wakae na maofisa vijana

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaowanoa maofisa wetu, kuanzia chuo cha kijeshi cha Monduli hadi Chuo cha Taifa cha Ulinzi pale Kunduchi.

Nilistaafu jeshi nikiwa sajini. Kamanda mmoja wa kombania yetu alikuwa na utaratibu ambao sijausahau. Zoezi likiisha, kabla hatujaoga wala kula, anatuketisha chini ya mwembe, na mwenye cheo cha chini ndiye anaanza kusema. Siku moja askari wa redio, kijana mdogo kabisa, alimwambia: "Afande, amri ya kusogea ilitufikia tumeshasogea." Kamanda hakufoka. Aliandika, akauliza kwa nini, tukafuatilia mpaka ikajulikana ujumbe ulikwama wapi. Zoezi lililofuata, amri ilifika mapema.

Jeshi la Marekani nalo linafanya hivyo: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini, safari ijayo tufanyeje. Lakini maswali hayo hayana kazi kama koplo anamwogopa meja. Nimewaona maofisa wa miaka mingi wakirudia kosa lile lile kwa sababu hakuna aliyethubutu kuwaambia.

Waliopigana vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, wanazidi kupukutika. Aliyekuwa kijana wakati ule sasa amevuka miaka 60. Tunawaita kwenye sherehe na kuwapigia makofi. Waulizwe pia walichelewa wapi, nini hakikwenda walivyopanga, na wangekuwa na nafasi ya pili wangebadili nini. Baadhi yao ni majirani zangu na wako tayari kuitwa hata wiki hii.

Sajini mstaafu,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam