Mfundisheni "acha" kabla zabibu hazijaiva

Kisasa, Dodoma

Mpendwa Mama Neema,

Mbukwa, shoga! Huku hatujambo, ni vumbi na upepo tu kama unavyoujua mji. Neema kaniambia kwenye simu kwamba baba yake amewaletea mtoto wa mbwa hapo Hombolo, na tayari mmemwita Simba. Hongereni. Ila jambo moja linaninyima raha: nyumba yenu imezungukwa na mizabibu.

Zabibu ni sumu kwa mbwa. Najua utacheka, maana sisi Dodoma zabibu tunampelekea hata mgonjwa. Lakini figo za mbwa haziziwezi, ziwe mbichi, kavu, au yale makapi yanayobaki mkishakamua mvinyo. Na ubaya wake hazina kipimo: huyu anakula kishada kizima asidhurike, yule kwa punje chache anatapika, anazubaa, hataki chakula, na baada ya siku moja mbili mkojo unakata. Mwaka 2021 madaktari wa wanyama huko Marekani walieleza kwamba wanayoishuku ni asidi ya tatariki, nayo imo pia kwenye ukwaju. Kwa hiyo hata mabaki ya juisi yako usimwage uani. Ukimkuta amekula, usingoje dalili. Mpigie daktari wa mifugo saa hiyo hiyo.

Kumfunga mnyororo kutwa si dawa, anakuwa mkali hata kwa Neema. Mfundishe neno "acha". Shika dagaa kwenye ngumi, msogezee puani. Atalamba, atakwaruza, atalialia. Wewe nyamaza, usifungue. Akirudisha kichwa nyuma tu, hata kwa kuchoka, sema "sawa" papo hapo na umpe dagaa mwingine kwa mkono wa pili, siyo yule wa ngumini. Ukichelewa, hajui amelipwa kwa lipi. Akishaelewa ndipo uanze kutamka "acha" kabla hujamsogezea, kisha uweke dagaa sakafuni chini ya kiganja, na mwisho kabisa zabibu iliyoanguka, mguu wako ukiwa tayari kuifunika. Dakika tano asubuhi kabla jua halijawa kali, tano jioni, basi. Na wote mtumie neno hilo hilo, maana Baba Neema akisema "we!" na wewe "acha", mbwa hatamsikia yeyote. Fimbo wekeni pembeni: mbwa anayepigwa anajifunza kula kwa kujificha.

Mengine unayajua. Dawa ya minyoo mapema, chanjo ya kichaa cha mbwa akifikisha miezi mitatu na kuirudia kila mwaka. Muulize afisa mifugo wa kata. Kupe mng'oe kwa kibanio, umshike karibu kabisa na ngozi, umvute taratibu bila kumminya. Ile tabia ya kumpaka mbwa mafuta ya taa au oili chafu naichukia: inamchoma ngozi, na akijilamba inaingia tumboni.

Ninao ukosi wa ngozi wa marehemu Popi. Nitampa dereva wa Hombolo Jumamosi. Ukishamvalisha Simba, hakikisha vidole viwili vinapita chini yake. Ukibana, toboa tundu jingine, na umpime mara kwa mara maana anakua.

Na mkivuna msinisahau, figo zangu mimi hazina neno.

Shoga yako,
Mama Baraka