Mikutanoni tujibu hoja, tusimjibu msemaji

KWA MHARIRI,

Kifungu cha 196 cha Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 kinayataka mabunge ya kaunti yawashirikishe wananchi katika shughuli zake, na ndiyo maana sisi wakazi wa Kisumu huitwa kutoa maoni kuhusu bajeti, masoko na ufuo wa ziwa. Kinachonisikitisha ni kwamba mtu anaposimama na kutoa hoja, wengi hawaijibu. Huuliza ametoka wapi na alimpigia nani kura. Akishaitwa mgeni, hoja yake huhesabiwa kuwa imeshindwa ingawa hakuna aliyeigusa.

Ni kweli kwamba hali ya msemaji wakati mwingine ina uzito. Mwanakandarasi akituapia kwamba mtaro alioujenga una saruji ya kutosha, tuna haki ya kuuliza maslahi yake, kwa maana anatutaka tuliamini neno lake. Lakini anayesema kwamba upana wa mtaro huo haufikii ule ulioandikwa kwenye mkataba ametuletea jambo linaloweza kupimwa na yeyote, na kipimo hakibadiliki kwa sababu ya kabila, chama wala umri wa aliyelisema.

Kosa jingine, ambalo naona linatugharimu zaidi, ni kuamini kwamba jambo likifuata jingine basi limesababishwa nalo. Mwaka wa 1997 wadudu waitwao fukusi, ambao hula gugumaji, ule mmea unaoelea na kutanda juu ya maji, waliachiliwa katika Ziwa Victoria upande wa Kenya, na kabla ya mwaka wa 2000 gugumaji lilikuwa limepungua sana. Ingekuwa rahisi kuwapa fukusi sifa yote na kufunga mjadala. Hata hivyo, mvua kubwa za El Nino zilinyesha katika kipindi hicho hicho, kati ya 1997 na 1998, zikaleta mawingu mengi na kupandisha maji ya ziwa. Watafiti walibishana kwa miaka: wengine waliwataja fukusi, wengine uhaba wa mwanga wa jua, na wengine wakaona kwamba mmea uliokwisha kudhoofishwa na wadudu ulivunjwavunjwa na mawimbi. Hawakutosheka na mfuatano wa tarehe. Sisi, gugumaji linaporudi Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo hapa Kisumu, hutaja haraka kiongozi aliyeingia madarakani karibuni, na kuyasahau maji taka na mbolea ambavyo huurutubisha mmea huo mwaka baada ya mwaka, awe nani ofisini.

Siwezi kuacha kutaja pia mtindo wa kutupatia njia mbili tu, kwamba ama wachuuzi wote waondolewe au jiji libaki chafu, kana kwamba hakuna mahali duniani ambapo wachuuzi wametengewa nafasi na mapipa ya taka.

Naomba wenyekiti wa mikutano hii, pamoja na watangazaji wa redio wanaopokea simu za wasikilizaji, wamtake kila anayepinga alieleze kwanza dai la mwenzake kwa maneno ambayo mwenye dai atayakubali, kisha ataje sehemu anayoikataa na ushahidi alio nao. Makarani nao waandike kila hoja pamoja na jibu lililotolewa, badala ya kuandika tu kwamba wananchi walitoa maoni yao.

Mwalimu mstaafu,
Kisumu