Mbona Hamkuwahesabu Waliorudi? Barua kwa Vijana wa Barazani

Wanangu wa barazani, asalaam aleikum.

Juzi nilipotoka msikitini baada ya Isha niliketi kwa muuza kahawa, mgongo nimewapa, nanyi hamkunitambua. Mlikuwa mmeweka dhumna kando, mnabishana juu ya marubani wa ndege za vita, nani alikuwa bingwa wao. Nilifurahi, wallahi. Nikasema leo vijana wameacha mpira wa Uingereza, wanazungumza jambo. Furaha yenyewe haikumaliza finjani moja. Mwenye simu alisoma "mia tatu hamsini na mbili," yaani ndege alizoangusha rubani mmoja, akapiga meza, akatangaza kwamba mjadala umefungwa. Yule mdogo wenu, mnayemtuma maji kila saa, akauliza kwa adabu: na wenzake rubani huyo aliokuwa akiruka nao, walirudi wangapi? Mkamcheka. Mmoja akamwambia aende akalale. Akainuka, akaondoka bila ya kuaga.

Tangu usiku ule moyo wangu haujatulia. Mlizungumza saa nzima, na swali la maana lililotoka hapo lilikuwa moja, la yule mtoto.

Tuanze na neno. Rubani mnamjua wa ndege, lakini neno hili ni la bahari, lilikuwapo kabla chuma hakijaruka. Nimefanya kazi kwenye matagi, zile boti za kuvuta meli, ya Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, miaka thelathini na moja. Meli ikifika nje ya mwamba humngoja rubani. Hupanda kwa ngazi ya kamba, akaiingiza mlangoni, Ras Serani kulia, Likoni kushoto, mpaka gatini. Sijasikia hata siku moja rubani wa Kilindini akiulizwa amezishinda meli ngapi. Huulizwa meli yake iko wapi, naye hunyoosha kidole: ile pale, imefungwa.

Sasa huyo wenu wa 352. Jina lake Erich Hartmann, Mjerumani, na ndiyo hesabu inayoandikwa vitabuni. Alipigania dhuluma ya Hitler, na ufundi wake haulifuti hilo. Lakini hata huo ufundi mwenye simu hakuusoma mpaka chini. Safari yake ya kwanza vitani, Oktoba 1942 huko upande wa Urusi, alipewa kuruka ubavuni mwa Edmund Rossmann, mtu aliyeijua kazi. Kijana alipoona ndege ya adui alimwacha kiongozi wake, akaifukuza peke yake, akafyatua asipate kitu, akapotea, mafuta yakamwishia, ndege akaitua kwa tumbo. Hakupewa pongezi ya ushujaa. Alipewa siku tatu za adhabu, afanye kazi na mafundi wa chini. Baadaye alitulia kwa Rossmann huyohuyo. Rossmann alikuwa na mkono ulioumia, mapigano ya kuzungukana hakuyaweza, kwa hiyo alitazama kwanza, akaamua, ndipo akashambulia. Hartmann akajifunza subira kwa mtu mwenye mkono mbovu. Na alipozeeka alikuwa akisema kwamba fahari yake kubwa si ile 352, ni kwamba waliokuwa wakimlinda ubavuni hawakufa. Yaani bingwa wenu mwenyewe angekaa upande wa yule mliyemcheka.

Na nambari mnazilinganisha vipi? Rubani wa Kijerumani aliruka mpaka afe au vita viishe. Hartmann alitoka zaidi ya mara 1,400. Richard Bong, wa kwanza kwa Wamarekani wote, ana 40, kwa kuwa nchi yake ilikuwa ikiwarudisha hodari wake nyumbani wakafundishe. Kufika 1944 Ujerumani ilikuwa na mabingwa wa kutisha na makinda waliopelekwa angani kabla hawajaiva. Marekani ilikuwa na waliofundishwa. Nani alishinda mnajua. Mwingine, Hans-Joachim Marseille, tarehe 1 Septemba 1942 kule Misri aliandikiwa ndege 17 kwa siku moja. Nyingi zilikuwa ndege za kivita kama yake, na zile za mabomu za Waingereza ziliendelea kulipiga jeshi la Rommel, jenerali wa Kijerumani. Mwezi huohuo ulipofika mwisho injini yake ilishika moto, akaruka, akagonga mkia wa ndege yake, akafa na miaka 22. Mtoto wa watu.

Mtafuteni Edward Mannock, Mwingereza wa vita vya kwanza vya dunia. Alikuwa akipanda na makinda, akiiumiza ndege ya adui, kisha akimpisha kinda aimalize ili aandikiwe yeye. Julai 26, 1918 alitoka alfajiri na kijana wa New Zealand, Donald Inglis, ambaye alikuwa hajaangusha hata moja. Wakaikuta ndege ya Wajerumani. Mannock akaipiga kwanza, akampisha, Inglis akaimaliza. Kisha Mannock akaifuata chini mno, jambo alilokuwa akiwakanya wanafunzi wake, askari wa ardhini wakampiga, ndege ikawaka. Inglis alirudi hai. Wanaoandika historia wanabishana kama Mannock alikuwa na 61 au 73. Mimi nikisoma habari zake simuoni mwenye 73. Namuona mtu anayekaa kando angani ili mwingine aandikwe.

Mtaniuliza kwa nini nimelishika jambo hili hivi. Mwaka 1979, kusi likivuma, tulikuwa tukiivuta meli ya shehena. Kwenye tagi letu alikuwapo kijana mwenzangu, hodari wa kamba kuliko sote. Wakubwa wa kazi walikuwa wameanzisha zawadi ya mwezi, anayehudumia meli nyingi kwa muda mfupi anapewa bahasha. Yeye alikwisha kuchukua bahasha tatu mfululizo. Siku hiyo alitoa ishara ya kuvuta kabla ya kugeuza kichwa kumtazama aliye nyuma yake, na aliye nyuma yake alikuwa amekanyaga ndani ya kitanzi cha kamba. Sauti niliyoisikia sitawaeleza. Mguu ulikatwa juu ya kifundo. Mwisho wa mwezi bahasha ilitoka vilevile, kwa jina lilelile, kwa sababu daftari la zawadi lilikuwa na safu ya meli tu. Safu ya watu haikuwamo. Aliyekatwa mguu aliuza madafu Majengo mpaka alipofariki, Mungu amrehemu. Nilikuwa nikienda kunywa dafu hata siku nisizo na kiu. Na sarahangi wetu, mkuu wa mabaharia wa tagi, tangu siku hiyo tagi halikuondoka gatini mpaka ahesabu vichwa kwa sauti, moja mpaka saba. Tulikuwa tukiudhika. Leo naisikia ile sauti usingizini, na nikiisikia ndipo ninapolala.

Ugonjwa huu wa kuhesabu visivyo watu hamkuuanza nyinyi. Tumewaambukiza sisi wazee. Mwenye matatu humuuliza dereva jioni ameleta kiasi gani, abiria walifikaje hamuulizi. Shule hubandika ukutani majina ya waliopata A, waliorudishwa nyumbani kwa karo hawabandikwi popote. Tumewalea kwenye daftari lenye safu moja, halafu tunashangaa mkimcheka mtoto anayetaja safu ya pili. Hilo ni letu, na nalikiri. Kumcheka ni kwenu.

Mkitaka sifa za kazi yenyewe, hizi hapa. Macho kwanza, maana wengi waliotunguliwa hawakumwona aliyewatungua. Kimo, aliye juu ndiye anayechagua. Jua liwe mgongoni pako. Sogea karibu. Fyatua sekunde moja au mbili, si zaidi. Usiruke sawasawa kwa zaidi ya nusu dakika penye adui. Ukishambuliwa, mgeukie. Mengi ya haya yaliandikwa na Adolph Malan wa Afrika Kusini, waliyemwita "Sailor", yaani baharia, kwa kuwa alianzia kwenye meli za kampuni ya Union-Castle, ambazo Kilindini yetu ilizijua vizuri. Bunduki za ndege yake alizirekebisha risasi zikutane kwenye yadi 250 badala ya 400, ili asogee. Aliangusha ndege zipatazo 27, kisha akawaandikia wenziwe kanuni kumi, vikosi vikazibandika. Na mwaka 1951, kwao Afrika Kusini, aliongoza askari wenziwe wa zamani kuipinga serikali iliyotaka kuwanyang'anya kura raia wenye asili mchanganyiko. Someni habari zake zote, si zile 27 tu. Na msidhani vita hivyo vilikuwa vya mbali: Malindi ilipigwa mabomu na ndege za Waitalia mwaka 1940.

Someni pia habari za marubani weusi wa Marekani waliofunzwa Tuskegee, wale wa ndege zenye mikia myekundu. Kamanda wao, Benjamin O. Davis, aliwakataza kuziacha ndege za mabomu walizozisindikiza wakakimbilia sifa zao. Husemwa hawakupoteza hata moja. Si kweli, zilianguka 27. Wastani wa vikosi vingine vya usindikizaji vya jeshi lao ulikuwa 46. Nyuma ya tofauti hiyo kuna ndege baada ya ndege, kila moja na watu wake kumi waliorudi kwa mama zao. Majina yao hayamo kwenye simu yenu.

Ijumaa baada ya Isha nitakuja, na safari hii nitakaa mbele yenu. Kabla ya hapo mtafuteni yule mtoto, mmuombe radhi mbele ya kila aliyemcheka. Akija, aketi katikati ya baraza, si ukingoni, na maji ateke mwingine. Kahawa na kashata ni juu yangu. Kisha mwacheni aulize tena swali lake, na mwenye simu asome mpaka chini.

Ni mimi mzee wenu, wa nyumba ya pembeni yenye mlango wa kijani.