Mashine ya wakati haifiki Kilwa

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi sana. Sisi hatujambo, watoto wamefunga shule. Barua yako nimeipata, na swali lako limenikaa kichwani tangu siku hiyo: je, fizikia inamruhusu mtu kuunda mashine ya kumrudisha nyuma, ili wewe mwalimu wa historia uione Kilwa aliyoitembelea Ibn Battuta mwaka 1331?

Kwenda mbele hakuna ubishi. Tangu 1905 Einstein alionyesha kwamba saa iliyo safarini huenda polepole kuliko iliyotulia. Mwaka 1971 Hafele na Keating walipakia saa za atomu kwenye ndege za abiria wakaizunguka dunia. Walipoelekea mashariki, saa zao zilirudi zimechelewa nanosekunde (sehemu ya bilioni ya sekunde) 59 hivi. Hata simu yako ingekupoteza njia kama wataalamu wasingerekebisha saa za setilaiti zinazoiongoza, ambazo kasi na uvutano kwa pamoja huzitanguliza mikrosekunde (sehemu za milioni ya sekunde) 38 kila siku. Ukipata chombo chenye asilimia 99 ya kasi ya nuru, ukasafiri mwaka mmoja kwa saa yako, utakuta huku imepita miaka 7. Kinachokosekana ni nishati ya kukisukuma chombo hicho, basi.

Kurudi nyuma ndiko kwenye utamu. Mwaka 1949 mwanahisabati Kurt Gödel, aliyekuwa rafiki wa Einstein kule Princeton, alipata kwenye milinganyo ya Einstein mwenyewe ulimwengu unaozunguka, ambamo msafiri anaweza kwenda mbele tu na bado akajikuta kwenye jana yake. Ulimwengu wetu hauonekani kuzunguka hivyo. Lakini mwaka 1988 wanafizikia Kip Thorne, Michael Morris na Ulvi Yurtsever walitoa njia nyingine, nami naona ndiyo nzuri kuliko zote.

Chukua handaki linalounganisha sehemu mbili za anga, lenye midomo miwili. Mwaka 2030 mdomo mmoja unabaki nyumbani, wa pili unakimbizwa kwa kasi ile niliyokutajia, kisha unarudishwa. Unafika 2037, ila saa iliyofungwa kwake inasoma 2031. Sasa shika hili, maana ndipo siri ilipo: kwa anayechungulia ndani ya handaki, saa za midomo yote miwili hazijaachana hata kidogo. Kwa hiyo ukiingia mdomo uliorudi, 2037, unatokea mdomo wa nyumbani, 2031. Umerudi miaka 6!

Ila angalia, Rehema: hakuna mlango wa kutokea kabla handaki halijakuwepo. Tukiliunda kesho, wajukuu zetu wataweza kurudi hadi kesho hiyo, na si siku moja nyuma yake. Kilwa ya 1331 haifikiki. Naandika hivi nikijua itakuuma, maana hata mimi iliniuma nilipoielewa.

Na kuna vikwazo vingine. Handaki hujifunga lenyewe kabla hata nuru haijapita, isipokuwa likishikiliwa na nishati hasi, yaani iliyo chini hata ya ile ya mahali patupu. Nishati ya namna hiyo si uzushi; mwanafizikia Casimir alionyesha mwaka 1948 jinsi inavyotokea kati ya bamba mbili za chuma zilizokaribiana mno, lakini ni kidogo ajabu. Kisha mwaka 1992 Stephen Hawking alitoa hoja kwamba handaki likikaribia tu kuwa mashine ya wakati, mitetemo ya ombwe, ile midogo isiyokoma hata mahali patupu, itapita humo ikirudi na kurudi, ikijilimbikiza hadi kuliharibu. Mimi naegemea upande wake, ingawa hoja hiyo haijathibitishwa. Itasubiri nadharia itakayounganisha uvutano na fizikia ya kwanta (ile ya chembe ndogo mno), ambayo hadi leo hatunayo.

Soma tena lile la midomo miwili, uchore kwenye karatasi, na pale utakapokwama uniandikie. Nisalimie mama na wote hapo nyumbani.

Akupendaye,
Zuhura